Jino Lililonyamaza

Mshono wa gauni ulikuwa umekwenda upande. Warda aliutazama akashtuka, maana mumewe, Tahiri, alikuwa ameshona nguo sokoni Rumonge miaka kumi na saba bila kukosea mshono.

"Mkono wa kulia unanikataa," Tahiri alisema. Akanyoosha kidole kuelekea mkasi. "Nipe ile... ile ya kukatia."

Jina la mkasi lilikuwa limempotea.

Kichwa kilikuwa kinamuuma siku ya tano sasa, na homa haishuki. Malaria walipima, hawakuiona. Amisi, kaka wa Tahiri, aliyefika na pikipiki kutoka Minago, alishasema lake: "Iko na mashetani huyu. Kesho nampeleka Kabonga kwa mganga ninayemujua."

Kabla Warda hajajibu, Tahiri alianguka chini ya cherehani, mwili unatetemeka, povu mdomoni.

"Kesho ni mbali, shemeji," Warda alisema mumewe alipotulia. "Tafuta gari. Tunakwenda Bujumbura sasa hivi."

Hospitalini walipokewa na daktari Speciosa, mwanamke wa maneno machache. Aliuliza kama mgonjwa aligonga kichwa. Hapana. Sikio linatoa usaha? Hapana.

"Na meno?"

Warda alitaka kusema hapana tena, akakumbuka. "Mwezi uliopita shavu lilivimba. Akaweka karafuu, jino likanyamaza. Tukajua limepona."

Daktari alimulika kinywani. Gego la juu lilikuwa limeoza mpaka kwenye fizi. Skaneri ya kichwa ilipotoka, akawaonyesha duara jeupe kwenye picha.

"Hili ni jipu, liko ndani ya ubongo. Vijidudu vya jino vilipanda na damu. Lazima tutoboe fuvu, tutoe usaha. Likipasuka, tumechelewa."

"Kumutoboa kichwa!" Amisi alipaza sauti. "Warda, atafia humo."

"Na tukikaa?"

Warda alichukua kalamu akatia sahihi karatasi ya kuruhusu upasuaji.

Saa tatu nzima alisimama karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, hakukubali kiti. Daktari alipotoka, alivua barakoa kwanza.

"Yuko hai."

Jino waling'oa wiki hiyohiyo, na sindano za dawa ziliendelea wiki sita. Siku ya nne baada ya upasuaji Tahiri alifumbua macho, akamtazama mkewe kwa muda mrefu, midomo ikihangaika.

"Wa... Warda."

Mkono wa kulia ulikuwa bado umelala juu ya shuka. Warda aliushika, akalia kwa mara ya kwanza.