Nguzo ya Tatu Ina Kikohozi

Karani Yau Shui-kwong alikuwa akichonga penseli ya pili nguzo ya tatu ilipoanza kukohoa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, kama kawaida yake. Ilikohoa mara tatu fupi, ikavuta pumzi, ikakohoa mara moja ndefu, kisha ikasafisha koo. Bwana Hallam, msimamizi wa machimbo ya mawe, aliinua kalamu akasubiri imalize, maana meza ilitikisika kidogo na mwandiko ungeharibika. Nguzo ilipotulia akaendelea kuandika.

Jengo lile la serikali lilikuwa na umri wa miaka miwili, na mawe yake yote yalitoka Shek Nam, kijiji chetu sisi Wahakka, ng'ambo ya bandari, upande wa Kowloon. Mwaka wa kwanza ukuta wa nyuma tu ndio uliokohoa. Mhandisi aliitwa, akaupapasa, akaandika kwamba ni unyevu, akaagiza mapazia ya mianzi. Baadaye nguzo nazo zikaanza, moja baada ya nyingine, na watu wakazoea. Waliokuja kuomba vibali walijua kunyamaza zikianza.

Shui-kwong alijua nguzo ya tatu ilikohoa kikohozi cha nani. Baba yake, Yau Kwai-sang, ndiye aliyelichonga jiwe lile, na kikohozi kile kilikuwa kikimwamsha yeye kila alfajiri tangu akiwa na miaka sita. Hakumwambia mtu. Alihamishia meza yake dirishani, akasema anatafuta mwanga.

Mwaka huo serikali ilikuwa ikiitengeneza upya sheria ya machimbo. Zamani mlima mzima ulikodishwa kwa mtu mmoja, mnyapara Tsang, na yote yaliyotokea mlimani yaliachwa mikononi mwake. Baruti ikilipuka mtu akiwa bado chini, basi, alikuwa na bahati mbaya. Sasa kila mchonga mawe angepewa kibali chake mwenyewe, bendera nyekundu ingepandishwa kabla ya kulipua, gongo la shaba lingepigwa mara tisa, na hata wanawake wangeweza kuandikishwa kutumia tindo. Yalikuwa mambo mema, sitayadharau, na Bwana Hallam aliyafanyia kazi kwa moyo. Kamati yake ikatangaza kwamba itawasikiliza wachonga mawe wenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea.

Wachonga mawe walikutana mbele ya kibanda cha Pak-kung, mungu wa ardhi, siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, siku ya kula nyama. Walibishana mpaka nyama ikapoa. Mwishowe waliamua kuomba kitu kimoja, maji. Jiwe la matale, lile gumu la mlima wetu, likitobolewa kavu hutoa vumbi jeupe, na mtu akilivuta vumbi hilo miaka ishirini huanza kutema kijivu. Ukilimwagia maji, vumbi hulala. Kijito kilikuwepo palepale juu ya mlima, ila kilizungushiwa uzio kwa ajili ya nyasi za uwanja wa polo. Walimchagua Kwai-sang akaseme, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kibovu kuliko vya wote na mwanawe ndiye mkalimani. Walirudi nyumbani wakisema safari hii mambo yamekaa vizuri.

Siku moja kabla ya kikao, Bwana Hallam alimwita karani wake. Alimwambia kwamba barua ya kumthibitisha kuwa mkalimani wa kudumu iko mezani kwa Gavana. Kisha, huku akifuta miwani, akataja kijito. Hilo halikuwa mikononi mwa kamati, alisema, na ingesikitisha sheria nzima ikicheleweshwa kwa ajili ya jambo moja.

“Mkalimani mzuri huwapunguzia watu kazi,” alisema.

Hakuagiza kitu. Angeulizwa kwa kiapo, angesema kweli kwamba hakuagiza kitu.

Kwai-sang alikuja amevaa koti la kuazima lililomfunika vidole. Binti yake Yuk-lan, aliyekwisha kubeba begani mizega sita ya mawe alfajiri hiyo, alimsindikiza mpaka mlangoni akabaki nje na kofia yake ya pindo jeusi. Mzee alikaa mbele ya kamati, akatoa mkebe wa tumbaku, akatemea ndani, akaufunika taratibu. Mjumbe mmoja alisogeza kiti nyuma. Shui-kwong aliona aibu, na haikuwa aibu kwa niaba ya mjumbe yule. Aliona aibu kuwa mtoto wa mzee mwenye mkebe.

“Waambie vumbi linatuua,” Kwai-sang alisema. “Tulianza wanne kwenye mstari wetu, watatu nimeshawazika. Bendera nzuri, gongo zuri, lakini sisi tunataka maji. Bomba moja tu.”

Shui-kwong akatafsiri. Mzee, alisema, anaishukuru serikali kwa bendera na gongo. Kuhusu kukohoa, anasema upepo wa baharini ni wa baridi wakati wa kipupwe, na watu wake huusikia kifuani. Maneno yalimtoka yamenyooka, hata yeye mwenyewe alishangaa yalivyonyooka.

Hapo mzee alishikwa na kikohozi, na nguzo ya tatu ikakohoa naye. Mara tatu fupi, pumzi, mara moja ndefu. Walianza pamoja wakamaliza pamoja. Kamati ilisubiri. Bwana Hallam, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitabasamu akasema kwa upole, “Mwambie mzee hata nguzo yetu imepata baridi.” Wajumbe wakacheka kidogo.

Na Shui-kwong, kwa mazoea ya kazi, akalitafsiri hilo kwa ukamilifu, neno kwa neno.

“Baridi?” baba yake aliuliza.

“Ndivyo alivyosema, baba.”

“Mimi nimetaja baridi saa ngapi?”

Karani alitazama penseli zake. Bwana Hallam akauliza kama mzee ana la kuongeza. Kwai-sang alisimama, akaiendea nguzo, akaigonga kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio.

Kwetu jiwe halishuki gatini bila aliyelichonga kuligonga kwa nyundo yake mbele ya wenzake na kulisikiliza. Likitoa sauti ya kukwaruza, hulikataa mwenyewe, na hakuna anayemcheka. Lakini akilipitisha jiwe bovu kimyakimya, nyundo yake hung'olewa mpini, kichwa cha nyundo kikatundikwa kwenye kibanda cha Pak-kung, na mtu huyo hachongi tena.

“Hili lilikuwa zima nilipolitoa,” mzee alisema.

“Anasema ni jiwe zuri,” Shui-kwong alitafsiri, na Bwana Hallam akakubali kwamba ni zuri sana.

Yuk-lan alimdaka kaka yake barazani. “Kaka, umewaambia nini mle ndani?”

“Nimewaambia alichosema baba.”

“Sasa mbona wamecheka?”

Alimwambia ana kazi nyingi, akarudi ndani.

Sheria ilipita baada ya miezi miwili. Shui-kwong, sasa mkalimani wa kudumu, ndiye aliyetumwa kwenda kuisoma Shek Nam. Alisoma kuhusu bendera, gongo na vibali vyenye picha, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kifungu cha kumi na nne kilisema kwamba kamati, baada ya kumsikiliza mwakilishi wa wachonga mawe, imeridhika kuwa kikohozi chao kinatokana na baridi ya pwani. Alikisoma haraka, lakini watu wa mawe wana masikio.

“Jifunikeni, jamani,” mzee Chung alisema kutoka nyuma. “Karani wetu ametuletea baridi.”

Watu wakatawanyika kwenda kula. Shui-kwong alipita kibandani kuchoma ubani, akaona kichwa cha nyundo kimetundikwa kwa uzi mwekundu. Upande mmoja kilikuwa na pengo alilolijua, maana alilitia yeye akiwa mtoto kwa kugonga reli.

Alimkuta baba yake uani akiwakorogea nguruwe uji wao kwa mpini wa nyundo.

“Baba, nyundo yako inafanya nini kule?”

“Inapumzika.”

“Hujawahi kupitisha jiwe bovu. Kijiji kizima kinajua.”

Mzee aliendelea kukoroga. “Ningetundika ya nani? Wewe huna nyundo.” Alikohoa, akatema, akafunika mkebe. “Mimi ndiye niliyekutoa wewe. Nilikugonga, nikasikiliza, nikawaambia watu huyu mzima, mpelekeni mjini. Haya, kaa ule. Yuk-lan amekuwekea tofu.”

Shui-kwong alikaa akala. Angeweza kurudi ofisini kesho yake na kusema kweli. Alilifikiria mpaka bakuli likaisha, na akajua, huku akijichukia, kwamba hatasema.

Kwai-sang alikufa kabla ya mwaka mpya. Nguzo ya tatu haikukosa hata siku moja. Shui-kwong alirudisha meza yake chini ya nguzo hiyo, na kila asubuhi alikuwa akiiwekea kikombe cha chai, ambacho tarishi alikiondoa saa nne bila kuuliza.

Machimbo yalistawi chini ya sheria mpya, na jengo likaongezewa upande wa mashariki. Mawe yake yalianza kukohoa mapema zaidi, chokaa haijakauka, kwa sauti za vijana. Bwana Hallam aliagiza vikao vianze saa tatu na robo, na hilo likaondoa usumbufu wote.

Ngazi za mlango wa mashariki zilisawazishwa kwa tindo ndogo na wanawake wenye vibali, wa kwanza kuandikishwa. Asubuhi moja Shui-kwong alikuwa akipanda aliposikia ngazi ya nne ikikohoa chini ya kiatu chake, kikohozi chembamba, cha mtu anayejizuia asiwasumbue wengine. Alisimama akasikiliza hadi mwisho. Ndivyo Yuk-lan alivyokuwa akikohoa utotoni, kwenye kitanda cha pili, akidhani kaka yake amelala.

Tangu siku hiyo aliiruka ngazi ya nne, asubuhi na jioni. Bwana Hallam alimwona, akamwuliza kwa wema kama goti lake lina tatizo.

Shui-kwong alijibu kwamba ni baridi tu.