Mezuza ya Mlango Wangu

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, Mzee Yotham, mwenye nyumba tuliyopanga Makole, alitoka kanisani akasimama mlangoni kwangu. Alinyoosha fimbo kuelekea kijaluba kilichopigiliwa kwenye mwimo.

"Mama Erica, wapangaji wenzako wanaogopa. Ondoa hirizi hiyo."

"Shikamoo, mzee. Si hirizi, ni mezuza. Sisi ni Wayahudi. Ndani yake mna maneno ya Torati, ya kwamba Mungu ni mmoja, nasi tumeamriwa kuyaweka mlangoni."

"Hata mganga husema dawa yake ni maneno ya Mungu."

"Mganga huuza kinga, mzee. Mimi sikununua kinga, natii amri."

Alikuna kidevu. "Basi ifiche nyuma ya pazia, ubaki."

"Nyuma ya pazia hufichwa kilichoibwa."

"Basi tafuta chumba kingine."

Nilihama wiki hiyo hiyo na wanangu watatu. Huku Mkonze nimeipigilia mezuza kwenye mwimo wa kulia, upande wa barabarani, mchana kweupe, majirani wakitazama. Kila aliyeniuliza nilimjibu.

Nawe uliyesoma haya, msomee na jirani yako anayeogopa kuuliza.