Jembe la Siku ya Kwanza

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Kosa la yule binti ni kwamba hakungoja kupewa. Alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, tena akitabasamu, kwa sababu mama yake alimlea vizuri. Malezi mema nayo yana siku yake ya kumponza mtu.

Kwao walimwita Dokta tangu yuko darasa la sita, na sasa alikuwa amevuka mipaka kwenda kuusomea udaktari wenyewe. Chuo kilimpangia familia ya kumpokea: mume dereva wa malori, ambaye nyumbani alikuwa mgeni kuliko wageni, mke mshonaji, na mama mzazi wa mke, kikongwe aliyepooza upande mmoja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" mama mwenyeji alimlaki, akamkumbatia mpaka begi likamdondoka.

Jioni hiyohiyo binti akasikia bibi anakohoa. Akaingia, akamkuta amelowa. Sasa mtoto aliyelelewa afanyeje, afunge mlango? Alimwogesha, akabadilisha shuka, akamlaza ubavu, akampigapiga mgongo mpaka kohozi likatoka. Mama mwenyeji aliporudi kutoka dukani alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Jamani mwanangu! Nani kakufundisha?"

"Nyumbani tulikuwa na babu, alikuwa hivihivi."

"Basi Mungu kakuleta."

Siku ya tatu, mwanamke aliyelipwa kumhudumia bibi hakuja. "Nimempumzisha," alisema mama mwenyeji, macho kwenye cherehani. Binti aliona haya kuuliza zaidi. Ni wiki moja tu, alijiambia. Usajili wa chuo ulikuwa unafungwa Ijumaa saa nne asubuhi, na barua ilisema wazi kwamba asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine na hapokelewi tena. Alhamisi akakumbusha.

"Nenda bila wasiwasi," mama mwenyeji alimjibu. "Kesho nitakaa naye mimi."

Ijumaa aliamka akakuta nyumba kimya na kikaratasi juu ya cherehani: nimepata kazi ya haraka, nitarudi mchana, bibi asiachwe, chuo hakikimbii.

Akampigia; simu imezimwa. Akagonga kwa jirani wa kulia, akagonga kwa wa kushoto, hakuna aliyefungua. Akapiga chuoni, karani akamwambia lazima afike mwenyewe kuweka alama za vidole. Saa mbili na nusu akavaa viatu. Hapo hapo bibi akashikwa na kikohozi, kile cha kukaba, midomo ikaanza kugeuka rangi. Dokta akatupa begi, akamwinua, akampigapiga mgongo mpaka pumzi ikarudi.

"Nikiondoka utakufa," alisema kwa hasira.

"Nitakufa," bibi akakubali. "Mwanangu hakupata kazi yoyote. Mimi ndiye niliyemwambia aondoke."

"Bibi!"

"Yule mhudumu wa kwanza alikuwa ananigeuza kama gunia. Ananiacha kwenye mkojo mpaka jioni. Wewe una mikono ya mtu. Ungeanza chuo, mimi ningebaki na nani?"

Binti alimchukia. Alimchukia waziwazi, kama ambavyo hakuwahi kumchukia mtu mzima maishani mwake. Akaokota begi, akafika hadi mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kikohozi kikaanza tena. Laiti kingekuwa cha kuigiza! Lakini sikio lililomuuguza babu halidanganyiki, na hiki kilikuwa cha kweli. Akageuka, akarudi kitandani.

Kilimchukua bibi zaidi ya saa nzima, kikipoa na kuanza upya. Kilipotulia kabisa, saa ya ukutani ilikuwa imepita nne na dakika kumi.

"Mwakani watakuchukua?" bibi akauliza.

"Hapana."

"Pole, mjukuu wangu."

Aliisema kwa moyo, hilo tusimnyime. Lakini furaha haifichiki, nayo ilikuwa imemjaa bibi katika ule upande wa uso uliobaki na uhai. Binti aliiona. Akalia kwa sauti, bila kujificha, makamasi yakimtoka kama mtoto. Kisha, kwa kuwa muda wa kumgeuza bibi ulikuwa umefika, akamgeuza ubavu wa pili, taratibu, asimuumize.