Jina la Kusemwa Kaburini

Mume wangu alinificha jina lake mpaka wiki aliyokufa. Mpaka leo sijui nimkasirikie au nimlilie, kwa hiyo nafanya yote mawili.

Hapa Oldeani kila mtu alimjua kuwa ni Marseli, Mnyaturu wa Singida. Alikuja na vibarua wa kahawa walioletwa na baba yake Benson, jirani yetu, na wakiongea Kinyaturu naye alijibu Kinyaturu. Mimi Cresensia, Mmbulu wa Karatu, niliolewa nikijua naolewa na Mnyaturu. Na vituko vya mtu yule! Alifukuza nyati kwenye kahawa kwa kugonga sufuria. Alikwenda Malambo kununua mbuzi, simba wakampandisha mtini, akarudi na kiatu kimoja, mbuzi hakuna, akaniambia nisimwulize kiatu cha pili. Nikamwuliza mpaka akacheka. Uzeeni akatulia: ng'ombe wake, redio yake, benchi lake pale ukutani. Nikajiona namjua mpaka ndani ya mifupa.

Kumbe wapi!

Kifua kilipomlemea, asubuhi moja nikimnywesha uji, alinishika mkono. "Mama Richard, mimi si Mnyaturu."

"Nyamaza unywe, ni homa hiyo."

"Si homa. Mimi ni Mrundi wa Bururi. Naitwa Ndayikengurukiye, mwana wa Barutwanayo."

Akanieleza taratibu, akipumzika kila mara. Mwaka sabini na mbili, askari waliingia kijijini kwao, wakamchukua baba yake na kaka zake, hawakurudi. Yeye na mama yake wakakimbilia Kigoma. Mama akafia njiani, akamfukia peke yake, kwa mikono. Akadandia treni ya mizigo, akashuka Itigi, akatembea mpaka Singida. Huko baba yake Benson alimkuta amelala chini ya lori la vibarua, akampa ugali, akampakia. Walipofika huku mnyapara akauliza huyu ni nani, na mzee akajibu, "Mwanangu." Benson mwenyewe wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni. Kijana aliogopa kurudishwa kwao kwenye vita, akajifunza Kinyaturu chao, akalishika neno hilo, na hakuliachia tena.

Nilimfokea, sisemi uongo. "Nimekuzalia watoto! Nimekaa macho nikikungoja utoke porini! Halafu hata jina lako sijui?"

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia. "Siku ile," akasema, "wakiita ukoo wa marehemu, litaje jina langu. Kwa sauti. Tangu mama afe, hakuna mtu aliyeniita."

Alhamisi akafariki.

Nilimweleza Richard, mwanetu, anayeendesha watalii kule Kreta, bonde la wanyama. Akafunga mlango wa chumba. "Mama, nakuomba. Ukisema hivyo mbele ya watu, kesho Uhamiaji wananiuliza mimi ni raia wa wapi. Leseni yangu itakuwaje? Wanangu je? Baba ameshalala, mwache alale Mnyaturu."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma, nilimwelewa kabisa.

Tulimzika shambani kwetu, upande wa juu wa migomba. Katekista akaita kama ilivyo desturi: "Ukoo wa marehemu waje waweke udongo." Wanyaturu wote wa Oldeani wakasimama, wazee kwa vijana, Benson mbele yao, macho mekundu. Nani angewalaumu? Baba yake Benson alipozikwa, Marseli ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kama mtoto mkubwa. Richard akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Nikasimama.

"Ngojeni," nikasema. "Huyu ni Ndayikengurukiye, mwana wa Barutwanayo, wa Bururi, Burundi. Ameniomba nimtaje."

Mama mmoja akaguna. Richard akageuka, akaondoka kupitia migombani, na gari lake tukalisikia likiwaka.

Benson alisimama na udongo mkononi. "Shemeji," akasema, "kwa hiyo mimi nimemlilia nani?"

Machozi yakanitoka.

Udongo ukamchuruzika Benson vidoleni. Nikadhani atautupa pembeni aondoke na watu wake. Mwisho akasema, "Baba yangu alimwita 'mwanangu'. Sijasikia akilifuta." Akasogea ukingoni. "Hilo jina, liseme tena." Nikalisema. Akajaribu, ulimi ukamkwama, akajaribu tena, akalikosea hivyo hivyo, akatupa udongo. Wenzake wakafuata.

Richard hajanipigia simu tangu siku hiyo. Uhamiaji hawajaja, lakini kila gari likipunguza mwendo barabarani moyo wangu unaruka, na najua wake unaruka zaidi.

Benson akipita na ng'ombe zake asubuhi anasimama kwenye uzio, anamsalimu kaka yake kwa jina lile, bado analikosea, na mimi simsahihishi. Akishapita, nakaa kwenye benchi pale ukutani na kulisema mwenyewe, vizuri, kama alivyonifundisha. Nilipokuwa nikimwita Marseli aliitika kila siku, hata akiwa amenuna. Sasa namwita jina lake, na haitiki.