Jina na Mkondo

Benchi la nje ya ofisi ya mlezi wa kidato cha tatu lilikuwa limelika upande mmoja, kwa sababu wasichana hulikalia wakijisogeza kuelekea mlangoni kila mwenzao anapoingia. Siku hiyo wa mwisho kwenye foleni alikuwa binti wa mlezi mwenyewe, naye mlezi hakuwa na habari.

Angejuaje? Tangu asubuhi hakuwa ameinua kichwa. Kulikuwa na wawili waliokunjana mashati kwa ajili ya ndoo, mmoja aliyeanguka gwarideni kwa kutokula, na baba aliyekuja kufoka kwamba mwanawe kakatwa nywele bila idhini. Mwalimu wa jiografia, jirani yake wa ofisi, alizoea kumtania: "Dada, kwa wengine mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwako wewe ni gunia la mawe." Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi kucheka nako kulikuwa kazi.

Alipokabidhiwa wadhifa ule aliambiwa ana sikio zuri. Hakuna aliyemwambia kwamba sikio nalo huchoka, na kwamba likichoka, huchokea nyumbani.

"Anayefuata," alisema, kalamu mkononi. Mlango ukafunguka, kiti kikavutwa. "Jina na mkondo?"

Msichana akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, kama mtu anayejiandikisha kwa mtihani. "Mkondo B."

Mlezi alikuwa ameshaandika nusu ya jina la marehemu mumewe ndipo kalamu iliposimama.

Akainua macho. Binti alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, sweta limefungwa vifungo vyote. Walikuwa na mapatano yao tangu kidato cha kwanza: wakishavuka geti, hapana mama, hapana mwanangu, ili wenzake wasije wakasema anapendelewa. Binti hakuwahi kuyavunja.

"Kwa nini umekaa benchini?"

"Si ndio utaratibu, mwalimu."

"Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani nimekuambia mara nyingi." Sauti haikupanda. "Juzi nilikuwa naongea, ukasinzia umeshika kijiko. Jana ukasema, 'Kesho, mama.' Hapa angalau zamu ya mtu inafika."

Maneno yalimchoma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hayakuwa na ufidhuli hata chembe. Aliweka kalamu chini. "Haya, sema."

"Nataka kuhamia kwa mama mkubwa muhula ujao, nisome shule ya kule. Nimeshamuuliza. Amesema nikuombe wewe kwanza. Kule watu huzungumza wakati wa kula."

Angekuwa mtoto wa mwingine, mlezi angejua la kufanya. Angesogeza kiti, angeuliza kinachomuumiza hasa, kwa ile sauti yake iliyowatoa wasichana machozi na siri. Sasa aliitafuta sauti ile akaikosa. Akilini aliiona nyumba yao jioni, taa moja, sahani moja, na hakuna wa kumwambia 'Kesho.' Machozi yakamtoka, ya uchovu kuliko ya huzuni, na binti akainuka kuurudishia mlango ili wapitao wasione.

Kengele ikalia. "Ahsante, mwalimu," binti alisema, akaenda darasani.

Jioni mlezi aliliacha rundo la madaftari shuleni, akafika nyumbani jua likiwa bado lipo. Binti alikuwa jikoni anakata vitunguu. Mama akavuta kigoda hadi mlangoni, akaketi, mkoba ungali begani. Usingizi ulimvuta kope, akajifinya mkono.

Binti hakugeuka. Alikimaliza kwanza kitunguu chote.

"Jina na mkondo?" aliuliza.

Mama alicheka. "Mama yako," alisema. "Mkondo sina."

"Bado nataka kwenda kwa mama mkubwa."

"Nimesikia. Lakini nisimulie tangu mwanzo. Pale niliposinzia."

Kisu kikatulia juu ya ubao.

"Ulisinzia mapema sana, mama," binti alisema. Akajifuta mikono, akaenda kutafuta kigoda cha pili.