Mtoto wa Pongo Hajatoka

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Kitavi alifuta umande kwenye kiti chake pale getini, akafungua kitabu cha wageni, akapiga mistari kwa rula: jina, kitambulisho, nyumba, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Wa kwanza kuandikishwa walikuwa kima watatu wa kwenda namba tisa, kwa Mehreen, ambaye hupika mapema. Tangu kichaka chote cha bonde lile la Loresho kifyekwe, zikajengwa nyumba ishirini na ukuta wenye nyaya za stima, mnyama mwenye akili zake alipitia getini kama watu wengine.

Kisha akaja pongo jike, yule swala wa vichakani, mwekundu mwenye madoa meupe mapajani. Huyu hakukosa hata siku moja. Kitambulisho hakuwa nacho, basi alikanyaga wino akaacha alama ya kwato. Kila asubuhi alikwenda namba kumi na nne, kwa Hemlata, akasimama katikati ya sebule dakika kumi, akatoka.

"Karibu, mama," Hemlata humwambia, huku akivuta meza kando. "Angalia usiteleze, tumepiga deki saa hii."

Jumatatu hiyo pongo alikanyaga wino wake, asiondoke.

"Mwandike na mtoto," alisema.

"Mtoto gani?"

"Wangu. Tuliingia pamoja kabla hamjaweka geti. Nilimlaza kichakani, nikamwambia asisogee mpaka nirudi. Kurudi, nikakuta tingatinga. Hajatoka."

Kitavi ni mtu wa adabu, na adabu hiyo, jamani, ndiyo iliyomponza. Alichukua kalamu akaandika: mtoto wa pongo, namba kumi na nne. Saa ya kutoka akaiacha wazi.

Jioni akaja Obuya, mlinzi wa zamu ya usiku. Alishusha kidole kwenye ukurasa, kikakwama.

"Kuna mtu ako ndani."

"Ni mtoto wa pongo."

"Awe nani. Kitabu haijafunga, mimi sishiki lindo. Sheria unaijua."

Aliijua. Mlinzi haendi kwake mpaka kila aliyeingia awe ametoka. Obuya akarudi nyumbani na mfuko wake wa chakula, Kitavi akalala kitini.

Jumanne dada yake akapiga simu kutoka kwao Mwingi. Mama yao alikuwa hospitalini, hali mbaya, na kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni Kitavi.

"Unakuja lini?"

"Kitabu kikifunga."

"Haya," dada akasema. "Lakini fanya haraka."

Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Mwaura, akaongoza msako. Walichungulia chini ya magari, ndani ya tangi, nyuma ya jenereta. Pongo aliwafuata kimya, na walipofika kwa Hemlata akainamisha pua mpaka sakafuni, pale pale pa siku zote. Mwaura akauliza kama marumaru yangeweza kung'olewa kidogo. Bhavesh, mumewe Hemlata, akasema yalitoka Italia na rangi ile haipatikani tena. Ilikuwa kweli, haipatikani. Mwaura akampa pongo pole, tena pole ya moyoni, kisha akamvuta Kitavi kando.

"Andika tu ametoka. Si ni kalamu tu, bwana?"

Kitavi alikaa na kalamu hiyo siku mbili. Alitafuta uchungu moyoni akaukosa. Alisikia tu ubaridi wa kiti. Alhamisi jioni dada akapiga tena: mama ameacha kula, ila bado anauliza. Obuya alikuwa amesimama pale na mfuko wake. Kitavi akaandika: ametoka, saa kumi na mbili na dakika tano. Obuya akatia sahihi.

Pongo alikuwa amerudi kuulizia, amesimama nyuma yao. Kusoma alijifunzia kwenye kitabu hicho hicho. Alisoma, akarudia.

"Ametoka," alisema.

Kitavi aliangalia viatu vyake. Pongo akapita geti mbio, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Mwingi, Kitavi alifika Ijumaa alfajiri. "Ni wewe?" mama akauliza. "Ni mimi." Akamshika mkono, hakuuachia mpaka Jumapili, mama alipofariki. Walimzika Jumatano.

Aliporudi kazini alimkuta pongo nje ya geti, kwenye matuta, akichungulia kila gari lililotoka. Alikuwa amekonda. Ndani hakuwa ameingia tena. Angeingia kufanya nini?

"Pole kwa mama," pongo alisema.

"Asante."

"Mtoto wangu, ulimwona akielekea wapi?"

Kitavi akatazama barabara.

"Chini huko. Kama mtu anaenda Waiyaki Way."

"Alikuwa anakimbia?"

"Alikuwa anatembea tu."

"Asante sana," pongo akasema, akashika njia akateremka.

Simu ya geti ikalia. Ilikuwa namba kumi na nne, Hemlata akiuliza kama mgeni wake anakuja leo.

"Hapana, madam. Haji tena."

"Sawa."

Kabla Hemlata hajakata, Kitavi alisikia miguu ya meza ikikwaruza marumaru, ikirudishwa katikati ya sebule.