Kikao Nilichombembeleza Mshauri Wangu

Mwanga wa Januari huku Cleveland ni mchovu. Uliingia dirishani kwako, Meredith, ukajilaza juu ya zulia, juu ya mikono yangu myeusi na mikono yako myeupe. Miaka miwili ya vikao vyetu ulijilaza hapo, na hakuna kati yetu aliyeitaja mikono hiyo.

Ulikuwa mwema, Meredith. Nani mwingine angenivumilia nikimlilia mama yangu mwaka mzima? Uliniuliza ndoto zangu, talaka yangu, baba aliyetuacha. Rangi yangu uliipita kimya kimya, ukidhani hiyo ndiyo heshima. Nami nikakuachia uipite, nikiongea ile sauti laini tunayofundishwa tangu utotoni kuongea na Wazungu.

Kisha jirani akaniitia polisi nikifungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Nilipigishwa magoti kwenye theluji, binti yangu Nyla akitazama kutoka garini. Usingizi ukanihama. Nikakuletea jambo hilo likiwa bado bichi.

"Una hakika ni rangi, Odessa?" uliuliza kwa upole. "Labda jirani aliogopa giza tu."

"Meredith, ilikuwa saa nane mchana."

Uso ukakuiva, machozi yakakutoka. "Mimi si mtu wa hivyo. Mimi sijawahi kuona rangi!"

Ulikuwa mwema, Meredith, ndiyo maana iliniuma. Nikasogeza kiti changu, nikakupa leso zako mwenyewe, nikakwambia basi, basi, najua huna nia mbaya, mpaka kikao changu kikaisha.

Nilipomsimulia dada yangu Verdell, alicheka akashika mbavu. "We Odessa! Mshauri kalia, mgonjwa kambembeleza? Sasa hapo nani kaenda kutibiwa?" Halafu kicheko kikamkatika. "Na wewe, mdogo wangu, umelia?"

Sikurudi kwako tena. Najuta, maana nilikupenda. Ungeuliza tu, mara moja, inakuwaje kwangu kukaa mbele yako na ngozi hii, ningekumwagia yote, na ningekuwa bado naja.

Jana nilirudi kutoka kazini nimechoka. Nikasimama barazani, nikatafuta funguo mkobani. Nyla alinichungulia dirishani, akagonga kioo kwa nguvu.

"Mama, usiguse mlango! Toa mikono mkobani, ngoja nikufungulie mimi."

Ana miaka saba, Meredith. Hilo ndilo ningekuletea Jumanne, siku ya kikao chetu, na sina pa kulipeleka.